Vyombo vya habari, waandishi wenu mnawaficha mitandaoni kwa faida ya nani? (uzi mrefu kidogo)

DawatiLaUsiku

Wakuu habari za saa hizi.

Huu uzi nimeuweka kiporo tangu mwaka jana maana niliogopa watu wa ofisini wataujua mkono wangu, sasa nimeshatoka pale kwa hiyo potelea mbali. Nimekaa dawati la mitandao kwenye gazeti moja hapa Dar miaka mitano na ushee, zamu ya usiku, kazi yangu kupokea habari za mikoani kwenye grupu la WhatsApp na kuzigeuza posti za Instagram, X na Facebook. Ninachosema hapa nimekiona, na kingine nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe, dhambi hiyo naibeba.

Kuna usiku mmoja wa masika, saa nne kasoro hivi, korespondenti wetu wa Kanda ya Ziwa katuma klipu kumi na moja mfululizo. Daraja limeondoka na maji. Jamaa kasimama kwenye maji mpaka magotini, simu kaivisha nailoni ya kufungia ubuyu, unamsikia kabisa anavyohema. Bodaboda kalipa elfu 14 za mfukoni kwake, na yeye kama wenzake wa mikoani analipwa kwa stori, hela yenyewe inakuja mwezi unaofuata Mungu akipenda. Mimi nikachukua klipu mbili nzuri, nikagonga logo juu kulia, nikagonga nyingine katikati ili wezi wasiikate, kichwa cha habari kwenye utepe mwekundu, nikapandisha. Asubuhi vyuu laki tatu na kitu, mabosi wanapongezana. Kwenye tovuti ikaandikwa Na Mwandishi Wetu. Jina la yule jamaa halikuonekana popote.

Wiki mbili baadaye ndo nikajua tulichopoteza. Kuna kijana alikuwa kibarua wa mkandarasi wa lile daraja, ana picha za nondo zilizotumika na karatasi za mzigo, alikuwa anamtafuta "yule mwandishi aliyesimama kwenye maji." Hakujua anaitwa nani. Akaandika DM kwenye akaunti yetu, DM ambayo ilikuwa na meseji zaidi ya elfu mbili hazijafunguliwa na hakuna mtu kazi yake kuzifungua. Akasubiri wee, mwisho akampelekea mzigo wote jamaa mwenye peji ya udaku. Udaku wakaiposti siku moja ikafa pale pale, maana wao hawajui hata pa kuanzia na karatasi kama zile. Mimi meseji ya yule kijana nilikuja kuiona baadaye kabisa nikiwa natafuta kitu kingine, na nilikaa nayo kama dakika kumi sijui nimwambie nani.

Sasa hoja yangu ndo hiyo. Watu hawampi logo siri zao. Wanampa mtu. Chombo kikimtangaza mwandishi wake kwa kazi yake, huyo mwandishi anakuwa mlango wa habari kuingilia, na mlango wenyewe hauhitaji bajeti, unahitaji jina na akaunti yake kuwekwa mstari wa kwanza wa kapsheni.

Na msiniambie hatujui kutangaza watu, maana tunajua sana. Angalieni redio zetu zikisajili mtangazaji mpya, utambulisho wake kama Simba au Yanga wanashusha straika kutoka nje, kuna video, kuna msafara, kuna jezi kabisa. Ila ni kwa mtangazaji wa studio tu. Ripota anayekimbizana na mvua, jina lake kamili kwenye peji ya ofisi utaliona mara mbili: siku ya bethdei anapigwa picha na keki, na siku ya TANZIA.

Tuliwahi kujaribu lakini. Mhariri mmoja wa zamu, mama mmoja msikivu sana, alinikubalia kwa miezi mitatu nijaribu na makorespondenti wanne. Kwanza nikahamisha jina, kapsheni inaanza hivi: "Fulani yuko darajani sasa hivi, anasema mabasi yote yanageuzia upande wa pili." Halafu posti nikaifanya ya kolabo, ile ya Instagram ambayo posti moja inakaa kwenye akaunti mbili, ya ofisi na ya kwake, ipo tangu 2021 na hailipiwi hata senti lakini ofisi nyingi hazijawahi kuigusa. Halafu, na hii ndo iliyofanya kazi kuliko zote, nikamuomba kila mmoja akimaliza kuripoti ajirekodi mwenyewe sekunde arobaini, simu wima, aseme amesimama wapi, kaongea na nani, na kitu gani bado hajakijua. Hilo la mwisho walilipinga kweli kweli, wanasema nitaonekana sijafanya kazi. Aisee, comments zilibadilika. Badala ya "mmelipwa shilingi ngapi" ikawa "kaka nenda na kijiji cha jirani huku hali mbaya zaidi." Watu wakaanza kumtuma kazi.

Yule jamaa wa daraja aliingia na wafuasi 312, nakumbuka kwa sababu nilipiga skrinishoti, mpaka miezi mitatu inaisha alikuwa elfu nne na kidogo. Unaweza ukacheka kwamba elfu nne ni nini, dada wa mashepu anazo laki nane. Lakini elfu nne za kwake ni walimu, madereva, wauguzi, watu wa halmashauri wa hapo hapo alipo. Stori mbili za ukurasa wa mbele mwaka ule zilitoka DM kwake.

Baada ya hapo akaja bosi mpya wa dijitali, akasema brandi ni moja tu, ikarudi Na Mwandishi Wetu. Mimi nikaanza kutafuta kazi nyingine.

Karibuni tujadili, matusi wekeni akiba.

---

Mzee wa Galley

Kijana nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nimeanza kazi enzi za kubandika kurasa kwa gundi, nimekuwa mhariri miaka mingi, naomba nikujibu bila hasira.

Kwanza hilo jina la Mwandishi Wetu unalolidharau limewaokoa watu. Kuna habari ukiweka jina, usiku huo huo mtu anabishiwa hodi na wasiojulikana. Sisi tulikuwa tunakaa na ripota tunamuuliza, hii unataka jina litoke? Wengine walikuwa wanasema mzee niache na watoto wangu. Kwa hiyo usiifanye ni sheria, jina liwe la hiari na mhariri apime.

Pili sema ukweli, unamjenga mtu kwa hela ya kampuni, unamnunulia bando, unamkatia tiketi, unampa nafasi, kesho anakuja mwenye pochi nene anamchukua na wafuasi wake wote. Wewe unabaki na kiti. Nimeona hayo redioni kila msimu watu wanahamishana kama daladala. Sasa mwenye gazeti akuelewe vipi?

---

MwanaPembezoni

Mimi ni korespondenti, mkoa siutaji. Nimesoma hapo kwenye elfu 14 za boda nikajikuta natikisa kichwa mwenyewe.

Niongeze kitu ambacho mleta uzi hakukisema. Sisi hata jina likiwekwa hatutagiwi, na usipotagiwa huna cha kumwonyesha mtu. Mwaka juzi niliomba fursa moja ya mafunzo wakataka viungo vitano vya kazi zako ulizochapisha mtandaoni. Nina kazi zaidi ya mia. Nilipotafuta, zenye jina langu zikawa sita, mbili kati ya hizo wamekosea jina la ukoo. Nikapeleka zile nne. Sikuitwa.

Halafu mzee wangu wa galley kwa heshima zote, kwangu mimi hakuna bando wala tiketi inayonunuliwa na kampuni. Simu yangu, bando langu, viatu vyangu. Sasa nikihama naondoka na mali ya nani?

---

DawatiLaUsiku

Mzee shikamoo. La usalama nakubali asilimia mia, na kwenye ule mtihani wetu wa miezi mitatu kuna stori tuliziacha bila jina kwa makusudi. Tatizo pale ofisini Mwandishi Wetu ilikuwa inawekwa hata kwenye habari ya bonanza la jogging. Hiyo ni mazoea, haimlindi mtu yeyote.

La kuhama nalo ngoja nilijibu taratibu maana ndo linalowauma mabosi wote. Mwaka 2011 kule Uingereza kulikuwa na mwandishi wa siasa wa BBC anaitwa Laura Kuenssberg, akaunti yake ya Twitter aliiita BBCLauraK, ina wafuasi karibu 60,000. Akahamia ITV. Alichofanya akabadilisha jina la akaunti ikawa ITVLauraK, watu wote wakahama naye siku hiyo hiyo bila kubonyeza kitu. Watu wa vyombo vya habari kule walijadili mpaka basi, kwamba wale 60,000 ni wa nani. Lakini ona kilichofuata, baada ya miaka michache alirudi BBC, na 2015 ndo akawa mhariri wa siasa wa BBC nzima. Wafuasi nao wakarudi naye. Ukimlea mtu vizuri mlango wa kurudi unabaki wazi.

Mwaka huo huo Marekani kuna tovuti ya mambo ya simu inaitwa PhoneDog ilimpeleka mahakamani mwandishi wake wa zamani, Noah Kravitz, kaondoka na akaunti yenye wafuasi kama 17,000. Wakapiga hesabu kila mfuasi dola 2.50 kwa mwezi, mara miezi minane, wakadai dola 340,000! Kesi ilivutana mpaka mwisho wa 2012 wakapatana nje ya hukumu, jamaa akabaki na akaunti yake. Yaani mwaka mzima na zaidi wa kulipa mawakili kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeandika karatasi inayosema akaunti ni ya nani.

Kwa hiyo bosi anayeogopa aandike karatasi. Akaunti binafsi yenye jina la mtu ni ya mtu, akija nayo ataondoka nayo. Akaunti ya kipindi au ya dawati ni ya ofisi, nenosiri linakaa ofisini. Na usimlazimishe mtu kuweka jina la chombo ndani ya jina la akaunti, weka kwenye wasifu tu, "ripota wa fulani", akiondoka anafuta maneno mawili hakuna ugomvi.

Na hata hapa kwetu mfano upo. Salim Kikeke alikaa BBC London miaka ishirini, Dira ya Dunia ya TV tangu ilivyoanza 2012 watu wanamjua sura na sauti, alivyotoka 2023 na kurudi nyumbani, halafu akaenda kituo cha Crown hapa Dar, watu walimfuata mtu. Je BBC ilipata hasara kumtangaza miaka yote ile? Miaka ishirini ya watu kuwasha redio na TV kwa sababu yake ilikuwa inaingia kwao. Zuhura Yunus naye kaondoka studio ile ile Januari 2022 kaenda kusimamia mawasiliano ya Ikulu, na Dira ya Dunia haikufa.

Sasa nigeuze swali. Hao waliofichwa, je hawajahama? Pale kwetu ndani ya mwaka mmoja waliondoka saba na hakuna hata mmoja aliyekuwa maarufu. Waliondoka kwa sababu hawakuonekana.

---

bint_wa_mikrofoni

Samahanini kaka zangu mnaongea kama vile kuonekana ni sukari tupu. Mimi ni ripota wa TV, mwanamke, nimetangazwa na ofisi mpaka nikaomba wanishushe.

Nilifanya stori ya mapato ya soko moja. Ofisi wakaniwekea posti nzuri, picha yangu kubwa, nimetagiwa, nikafurahi nikamtumia mama. Kufika jioni comments haziongelei soko tena, zinaongelea nyonga zangu. Usiku wakaanza kuingia DM. Kuna mmoja aliandika anajua nashukia kituo gani cha daladala, na alikitaja chenyewe. Kesho yake nimeenda kwa mtu wa dijitali nikamwambia naomba mfute hizo comments, akaniambia dada hiyo ni engagement, acha itembee. Engagement!! Mimi nimebadilisha njia ya kwenda nyumbani miezi miwili kwa ajili ya engagement yake.

Kwa hiyo DawatiLaUsiku kabla hamjanitangaza nijibuni, nani anakaa kwenye comments baada ya kuposti? Nani nampigia saa tano usiku? Picha mtakayotumia mmeniuliza? Kama hamna majibu niacheni niwe Mwandishi Wetu nilale.

---

kijiweni_tu

Hiyo "acha itembee" imenitoa jasho 😳 halafu ndo huyo huyo anapewa tuzo ya mfanyakazi bora

---

DawatiLaUsiku

Dada pole sana, na hapo nimekosea kutoanza na wewe. Kwenye mtihani wetu wote wanne walikuwa wanaume na wala sikulifikiria hilo mpaka umeliandika sasa hivi.

Kwa upande wa dawati naweza kusema kinachowezekana maana ndo kazi niliyokuwa nayo. Instagram unaweza kuweka maneno unayoyachagua yazuiwe, orodha ya matusi ya Kiswahili uiandike mwenyewe kwa sababu mtambo wao matusi yetu hauyajui, unaandika na zile tahajia za kukwepa, zenye nyota na namba. Unaweza ukafunga comments kabisa kwenye posti moja. Inachukua dakika kumi. Hakuna sababu ya kibinadamu ya kutofanya. Na la DM za vitisho, hizo ni za ofisi kuzipeleka polisi kwa jina la ofisi, na barua ya mwanasheria wa ofisi, mtu mwenyewe asiachwe ajipigie skrinishoti peke yake chumbani.

Washington Post walichemka vibaya eneo hili na lile ni gazeti kubwa. Januari 2020, siku Kobe Bryant alipofariki, mwandishi wao Felicia Sonmez alituma kiungo cha habari ya zamani kuhusu ile kesi ya ubakaji iliyowahi kumkabili Kobe. Akamiminiwa vitisho vya kuuawa, anwani yake ya nyumbani ikaanikwa, akalala hotelini. Ofisi badala ya kumkinga wakamsimamisha kazi! Wenzake zaidi ya mia mbili wakaandika barua ya kupinga ndo akarudishwa. Sasa ofisi yenye hela zile imeshindwa, hapa kwetu tusijidanganye kwamba kutagi jina inatosha.

---

Mswahili wa Nairobi

Nawasalimu kutoka huku. Mimi si mwanahabari, nafanya kazi na kampuni ya matangazo lakini nafuatilia sana.

Kwetu waandishi wanajulikana kwa majina kitambo. Mtu husema "Moha amesema", hasemi KTN imesema. Jicho Pevu, kile kipindi cha uchunguzi cha KTN, ilifanya huyo Moha, Mohammed Ali, akajulikana nchi nzima, na 2017 akaenda zake bungeni kama mbunge wa Nyali, John-Allan Namu naye akaanzisha Africa Uncensored 2015. Kwa hiyo mzee wa galley ana haki, watu huenda. Lakini KTN ile miaka ilikuwa inatazamwa vile kwa sababu ya nini kama si wao?

Lakini kitu nataka kuwaambia ni kuhusu Januari 2018. Raila alikuwa anajiapisha Uhuru Park, serikali ikazima NTV, KTN na Citizen. Runinga nyeusi kabisa. Halafu habari ikatoka kwamba polisi wanangoja nje ya Nation Centre, jengo la NTV, kukamata wanahabari wake Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu. Wale watatu wakalala ofisini. Na sisi tulijuaje? Walikuwa wanatuambia Twitter, wenyewe, kwa akaunti zao. Stesheni imezimwa lakini majina hayakuzimwa. Mimi usiku ule nilikaa na simu mpaka saa nane, na asubuhi kazini hakuna mtu aliuliza NTV iko wapi, waliuliza hao watatu wako salama.

Larry baadaye akaenda BBC, saa hii yuko CNN. NTV ilimpoteza, sawa. Lakini usiku ule angekuwa hajulikani, nani angekesha?

---

Mzee wa Galley

Hilo la Nairobi limenigusa, sikatai.

Ila nina swali moja mnalikimbia wote. Mkishampa kijana akaunti yenye watu elfu hamsini, kesho Yanga imefungwa anaandika upuuzi, keshokutwa anampigia debe mgombea, mtondogoo kapewa soda na kampuni ya mikopo ya simu anatangaza tangazo halafu Jumatatu anakuja kuandika habari ya mikopo ya simu. Jina la nani linachafuka?

---

DawatiLaUsiku

Hapo mzee umeshika penyewe na sina jibu jepesi.

BBC wenyewe Machi 2023 walijifunga kamba na Gary Lineker, mtangazaji wa mpira, kaandika kuhusu sera ya wahamiaji wakamwondoa hewani, wenzake wakagoma kutokea, kipindi chao cha mpira Match of the Day wikiendi ile kikatoka dakika ishirini hakina mtangazaji wala mchambuzi. Wakamrudisha, wakaita mtu wa nje apitie kanuni, Septemba ndo zikatoka mpya. New York Times wao 2022 mhariri mkuu Dean Baquet aliwaandikia waandishi kwamba kuwa Twitter si lazima tena na wapunguze kushinda mle. Yaani hata wakubwa wanakwenda mbele wanarudi nyuma.

Mimi naona hivi. Tangazo la biashara kwa ripota wa habari, hapana, hata kama ni sabuni. Ukitaka kutangaza sabuni hama dawati uende burudani. Mpira, muache mtu ashangilie timu yake kama si ripota wa michezo, tukizuia na hilo tutakuwa tunaajiri majiwe. Siasa za uchaguzi, kimya. Na kanuni ziwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, siyo lile dude la kurasa arobaini la Kiingereza tulilosainishwa siku ya kwanza ambalo hata HR hajalisoma.

Halafu msisahau kwa huku kwetu kuna leseni. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, kuendesha chaneli ya habari mtandaoni unatakiwa uwe na leseni ya TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano. Kwa hiyo ofisi ikimwambia kijana "fungua YouTube yako ujitangaze" inamtosa. Kinachofaa ni ofisi imrushe kwenye chaneli yake yenye leseni, kwa jina lake, na yeye ashee tu. Na msimuweke mtu kwenye mtandao mmoja. Mei 2025 X ilizimika hapa nchini, kuna waandishi kazi yao yote ya miaka kumi ilikuwa mle, wakabaki na VPN na huzuni. Ofisi ingekuwa na ukurasa wa kila mwandishi kwenye tovuti, picha, eneo analoripoti, kazi zake zote, na namba ya WhatsApp ya kazini, wangekuwa na pa kuelekeza watu. Ukurasa ule ni kazi ya siku mbili kwa fundi wa tovuti, mimi niliuomba miaka miwili.

---

kijiweni_tu

Swali la kizushi mkuu, na wale wanaopewa bahasha na wenyewe tuwatangaze? 😂

---

DawatiLaUsiku

Hahaha wewe. Lakini umegusa kitu ujue. Mtu ambaye jina lake liko juu ya posti na comments ziko wazi anaona aibu kuandika habari ya warsha kama barua ya mapenzi kwa mfadhili, maana wasomaji watamuuliza yeye. Mwandishi Wetu haoni aibu, hana sura.

---

bint_wa_mikrofoni

Nimerudi. Nimechukua hilo la orodha ya matusi nimemtumia mtu wa dijitali, nikaiandika mwenyewe maneno 64 na tahajia zake, ilikuwa kazi ya kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Ameiweka. Nimemwambia picha yangu ataiomba kwangu kwanza na comments kwenye stori za uchunguzi zifungwe saa 24 za mwanzo. Amesema atauliza juu. Juu ndo wapi sijui ila tusubiri.

Kwa sharti hilo nakubali kutagiwa.

---

MwanaPembezoni

Wakuu leteni mrejesho nami nilete wangu. Juzi nilituma kiungo cha huu uzi kwa mhariri wangu wa mikoa nikajifanya sijui ni wa nani. Hakujibu, ile tiki za bluu tu.

Leo asubuhi nimetuma habari ya mradi wa maji, bomba limetandazwa kilomita zote halafu chanzo hakina maji. Saa sita naona simu inaita ita, naingia Instagram nakuta posti ya kolabo inasubiri nikubali. Mstari wa kwanza kabisa kuna jina langu na wilaya niliyopo. Nilikuwa sokoni nanunua dagaa, nikasimama pale pale.

Jina la ukoo wamekosea tena, wameongeza herufi h. Nimebonyeza kukubali hivyo hivyo, na kuna mama mmoja wa kijiji cha pili keshaniandikia kwamba na kwao bomba lipo.

Kesho asubuhi naelekea huko. Boda elfu 9.